Ukuta wa mashariki: uchambuzi wa kisa cha bata bukini waliokataa kutua

Wawindaji wanne walikuwa wamelala katika shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, mbele yao sanamu 60 za bata bukini za kuwavuta walio hai. Makundi ya bata halisi yalikuja moja baada ya jingine, yakashuka kwa matumaini, yakazunguka, kisha yakapanda na kwenda zake. Kwa zaidi ya saa moja hapakupigwa hata risasi moja. Mimi sikuwa na bunduki. Nilikuwa ukingoni mwa shamba, chini ya safu ya miti, na darubini mkononi, na kwa kuwa nilitazama kutoka pembeni niliona jambo ambalo mtu aliyelala chali ndani ya kificho hawezi kuliona: kila kundi liligeukia mahali pale pale.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu tatizo lake huwakuta wengi wanaowinda kwa sanamu, na dawa ambazo watu huzikimbilia, kuongeza sanamu na kuzidisha filimbi za kuiga sauti za bata, hapa zisingefaa kitu.

Mpango wa jana yake

Maandalizi yao yalikuwa mazuri, na nalisema hilo mapema ili lawama isielekezwe pasipostahili. Jioni iliyotangulia walikaa mbali ndani ya gari wakiwatazama bata bukini wa Kanada wakila, mpaka jua lilipozama na kundi zima likaondoka kwenda kulala kwenye bwawa lililo mashariki ya shamba. Ndipo walipoingia kwa miguu kutafuta kinyesi kibichi na manyoya yaliyodondoka, na hapo wakachomeka kijiti cha alama. Anayeiruka hatua hii anaweza kumiliki sanamu bora kuliko zote na bado akarudi mikono mitupu. Bata bukini akila vizuri mahali bila kusumbuliwa, kesho yake huelekea kurudi huko huko, mara nyingine hatua chache tu kutoka pale alipoishia.

Utabiri wa hali ya hewa ulisema upepo utatoka kaskazini. Gizani, kabla ya mapambazuko, wakapanga kila kitu kwa kuufuata utabiri huo. Bata bukini hutua akiukabili upepo, kama anavyoruka akiukabili. Bata mkubwa wa Kanada huweza kufika kilo 5 na zaidi, na mbawa zake zikikunjuliwa huweza kuzidi mita 1.5. Mwili wa uzito huo haushuki wima. Unahitaji upepo wa mbele wa kuupunguzia kasi, na unahitaji njia iliyo wazi ya kushukia, kwa sababu ukishafika chini na kasi imepungua, kuinuka tena ghafla ni kazi nzito na ya hatari.

Kwa hiyo walipanga sanamu kwa umbo la U. Kitako cha U kilikuwa kaskazini, mikono yake miwili ikanyooka kuelekea kusini, na katikati wakaacha nafasi tupu yenye upana wa kama mita 25. Huo ndio uwanja wa kutua. Vificho vinne vya kulalia viliwekwa kwenye kitako, kimoja kando ya kingine, miguu ya wawindaji ikielekea kusini na upepo ukiwajia kisogoni. Bata wangefika kutoka kusini, wakapita kati ya mikono miwili, wakateremsha miguu mbele kabisa ya bunduki. Kwa upepo wa kaskazini, sioni kasoro kubwa katika mpango huo.

Kulipopambazuka upepo ulikuwa umekufa karibu wote. Uliporudi, ulitokea magharibi. Niliuona kwenye majani makavu ya mahindi, yakipeperuka kutoka mkono wangu wa kulia kwenda wa kushoto. Wale wanne hawakuutilia maanani. Kuta za kificho humkinga aliyemo, na upepo unaopita juu ya pua ya mtu aliyelala haumpi habari nyingi.

Walivyofanya bata

Kundi la kwanza, bata wasiozidi 20, lilikuja kutoka mashariki, chini chini, likipiga kelele za kawaida za safari. Aliyekuwa na bendera akaitikisa mara mbili tatu kuiga bata anayekunja mbawa ardhini, na kundi likapinda kidogo kuuelekea mkusanyiko. Filimbi zilipigwa kwa kiasi. Bata wakaanza kuteleza hewani, mbawa zimepinda, wakishuka moja kwa moja dhidi ya upepo wa magharibi, kila kitu kikienda kama inavyotakiwa.

Walipokaribia mkono wa mashariki wa U, wakiwa bado mita 60 au 70 kutoka kwenye vificho, wakaacha kushuka. Hawakugutuka. Walianza tu kupiga mbawa tena, wakapinda kusini, wakazunguka na kujaribu upya. Safari ya pili waliishia pale pale. Mzunguko wa tatu uliwapitisha upande wa kaskazini, juu kabisa ya vificho, na hapo sauti zikabadilika: kelele za maongezi zikakatika, ukasikika mlio mmoja mkali wa mkato, kisha mwingine, na kundi zima likapanda.

Kundi la pili lilifanya vivyo hivyo, na la tatu nalo. Tofauti ndogo zilikuwepo. Moja lilikuwa na haraka zaidi, jingine lilizunguka mara nyingi zaidi. Lakini nikilinganisha na mti mmoja uliokuwa nyuma yao, niliona kwamba mstari ambao hawakutaka kuuvuka ulikuwa uleule.

Kisha wakaja wawili. Bila filimbi nyingi, bila bendera, walishuka moja kwa moja wakatua nje ya mkusanyiko, mashariki ya mkono wa mashariki, kama mita 15 kupita sanamu ya mwisho. Wakatikisa mikia, wakakunja mbawa, wakaanza kula. Hawakuwa na wasiwasi wowote. Walitembea, wakainamisha vichwa, mmoja akainua shingo kwa muda na kuiteremsha tena. Walikaa hapo dakika kadhaa na hawakusogea kuingia ndani.

Kijana mmoja aliinua bunduki. Mzee wao akamzuia kwa sauti ya chini niliyohadithiwa baadaye: "Waache, mwanangu. Hapo ni mbali." Alikuwa sahihi, na nitatoka nje ya kisa kidogo kueleza kwa nini. Bunduki ya marisawa hutawanya chembe zake, na kila mita inavyoongezeka uwezekano wa kumjeruhi ndege bila kumuua unaongezeka. Nchini Denmark, picha za eksirei za bata bukini wenye miguu ya waridi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya ndege waliokomaa walikuwa wakiruka na chembe za marisawa mwilini. Ni ndege waliopigwa na kuokoka, wakabaki na risasi nyamani. Mwaka 1997 nchi hiyo ilianzisha kampeni ya kuwahimiza wawindaji wapunguze umbali wa kufyatua, na idadi ya ndege wenye chembe ikashuka katika miaka iliyofuata. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kujifunza sanamu vizuri. Sanamu zikifanya kazi, bata yuko mita 20 hadi 30, miguu chini, na anayepiga anajua anampiga yupi.

Tuhuma tatu

Anga lilipotulia, mzee alinipungia mkono nikaenda. Niliwakuta wakibishana. Kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake.

Wa kwanza alisema sanamu ni chache. Jioni iliyopita walihesabu bata zaidi ya 200 shambani. Sanamu 60 zingetoshaje? Hoja hii ina historia ndefu nyuma yake. Katika mashamba ya mpunga ya Texas, wawindaji wa bata bukini weupe walizoea kutandaza vitambaa vyeupe kwa mamia, hata zaidi ya elfu, kwa sababu bata hao husafiri na kula kwa makundi makubwa mno na kutoka juu vitambaa vyenyewe huonekana kuwa ndege. Lakini bata wa Kanada hutembea kwa familia. Wazazi na watoto wao wa mwaka huo hukaa pamoja majira yote ya baridi ya kwanza, na mara nyingi kundi linaloingia shambani ni familia mbili tatu zilizoungana. Kwa kundi kama hilo, 60 zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo, wale bata wawili walishatoa ushahidi: ndege asiyeamini sanamu hatui hatua chache kutoka kwazo na kuanza kula.

Wa pili alizilaumu filimbi. Nilimwambia kwamba kundi la tatu lilipokuja yeye mwenyewe alinyamaza, na lilifanya yale yale ya wenzake. Kuna makosa ya filimbi, na la kawaida ni kuendelea kupiga wakati bata wameshakata shauri na wanashuka. Hapo kila mlio huwafanya watazame mlio ulikotoka. Filimbi ni ya bata wanaoonyesha mkia au ncha ya ubawa, yaani wanaoanza kwenda zao. Asubuhi ile hawakuikosea kiasi hicho. Mmoja aligusia vyombo vya umeme vya kutoa milio ya bata iliyorekodiwa, na mzee akakataa papo hapo. Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hairuhusu sauti za kurekodiwa kwa bata wa Kanada. Ruhusa maalumu iliyotolewa kuanzia mwaka 1999 iliwahusu bata bukini weupe na jamaa zao wa karibu, ambao wingi wao ulikuwa unaharibu mazalio ya Aktiki.

Wa tatu alisema bata wamekuwa wajanja, wameshawindwa sana, hakuna la kufanya. Tuhuma hii siipendi kwa sababu inafunga mjadala bila kueleza chochote. Bata mwoga hukataa akiwa mbali na huku amekwenda juu. Hawa walishuka hadi kimo cha nyumba. Walikuwa wanataka kutua, na wawili walitua.

Ukuta

Nilichora kwa kijiti ardhini. Upepo kutoka magharibi. Bwawa mashariki. Bata wanatoka mashariki wanaelekea magharibi, kwa hiyo tayari wanaukabili upepo tangu walipoondoka. Hawana haja ya kuzunguka, wanaweza kunyoosha mstari mmoja mpaka chini. Na kwenye mstari huo, kitu cha kwanza wanachokutana nacho ni mkono wa mashariki wa U: sanamu zaidi ya 20 zilizobanana kutoka kaskazini hadi kusini, zikiukinga uwanja wa kutua.

Bata bukini hapendi kupita chini chini juu ya wenzake ili akatue mbele yao. Akifanya hivyo anaingia mahali asipoweza kupata njia ya kutokea, na anawakaribia bata ambao huenda wakamfukuza kwa midomo. Hutua nyuma ya wenzake upande wa demani, upepo unakoelekea, au kwenye nafasi iliyo wazi pembeni, kisha hutembea. Wale wawili walifanya hivyo hasa. Uwanja halisi wa kutua wa asubuhi ile ulikuwa nje ya U, mashariki, ambako hapakuwa na sanamu wala bunduki. Uwanja waliouandaa wawindaji ulikuwa unatazama kusini, ukimngoja bata aje na upepo wa ubavuni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna sanamu zinavyoelezwa mara nyingi. Watu huzungumzia sanamu kana kwamba kazi yake ni kuvuta, na kwa mbali kweli huvuta. Lakini kuanzia mita 100 kuingia ndani, nionavyo mimi, sanamu hufanya kazi zaidi kwa kuzuia. Kila sanamu uliyochomeka ni mahali ambapo bata hatatua. Kinachompokea ni nafasi uliyoiacha, na nafasi hiyo ina mlango. Mlango huo lazima uwe upande wa demani, upepo ukigeuka nao ugeuke. Wale wanne walijenga uwanja mzuri na kuuzibia mlango kwa sanamu zao zenyewe.

Na vipi kuhusu kundi la kwanza, lililogutuka lilipopita juu ya vificho? Hilo ni tatizo la pili, lililozaliwa na la kwanza. Bata anayepata mlango hana sababu ya kuzunguka. Asipoupata huzunguka kuutafuta, na kila mzunguko ni ukaguzi. Macho yake yana aina 4 za seli za kutambua rangi, sisi tuna 3, na yamekaa ubavuni mwa kichwa, hivyo hahitaji kugeuka ili aone kilicho chini yake. Ukimpa mizunguko mitatu, ataona kila kitu.

Na vya kuona vilikuwepo. Mistari ya mabua ilikwenda kaskazini hadi kusini, na vificho vinne vilivyolazwa sambamba vilifanya kama tuta moja lililoikata mistari hiyo. Jua la asubuhi lilikuwa chini kusini-mashariki, na vificho vilitupa vivuli virefu vyeusi upande wa pili, upande ambao bata walipita. Walivipamba kwa mabua, lakini mabua waliyachukua mahali pengine ambapo yalikuwa ya njano zaidi. Mmoja wao alikuwa akiinua uso kufuata mzunguko. Uso wa mtu ukielekezwa juu huonekana kwa mbali sana, kuliko watu wengi wanavyodhani.

Sanamu zenyewe, kwa karibu

Nilipiga magoti kando ya mkono wa mashariki na kuzitazama moja moja. Katika 60, kama 36 zilikuwa za mwili mzima na zilizobaki zilikuwa bapa, zile za ubao mwembamba zenye picha pande mbili. Mchanganyiko huo naupenda. Bata anapozunguka, sanamu bapa huonekana na kupotea kadiri pembe inavyobadilika, na macho huhisi kama kuna mwendo shambani.

Kasoro ilikuwa kwenye shingo. Karibu theluthi moja ya zile za mwili mzima zilikuwa za walinzi, shingo zimenyooka wima. Katika kundi linalokula kwa amani, walinzi ni wachache. Wengi wameinamisha vichwa, wengine wamelala. Shingo nyingi zikinyooka kwa pamoja, katika lugha ya bata maana yake ni kwamba kuna jambo na huenda tukaruka. Nafasi kati ya sanamu nayo ilikuwa hatua moja tu, nao walikuwa wamezifululiza kwa mstari. Bata waliotulia hutawanyika kwa vifungu vya familia, wanne hapa, sita pale. Hubanana wakiwa na hofu au baridi kali mno.

Kisha sakitu. Usiku ulikuwa wa anga wazi, na umande uliganda kuwa vumbi jeupe kwenye migongo ya plastiki. Nilipopitisha kidole kwenye mgongo wa mojawapo kilibaki mchirizi wa rangi ya kahawia, na hapo ndipo mmoja wao aliponyanyuka kutazama mstari mzima na kuona kwamba sanamu zake zote zilikuwa zimepauka. Bata aliye hai hujitikisa na kutembea. Sanamu hukaa, ikazidi kuwa nyeupe, na jua likipanda sakitu huyeyuka na kuacha maji yanayometa. Kitambaa kikavu au ufagio mdogo hutatua hilo kwa dakika chache, lakini ni lazima mtu akumbuke kutoka nje ya kificho na kutazama.

Mabadiliko

Walitaka kuhamisha vificho. Niliwasihi wasivihamishe, kwa sababu kulala upande wa kaskazini kungewafaa vizuri zaidi sasa kuliko mwanzo. Bata wangeingia kutoka mashariki kwenda magharibi, wakipita mbele ya vificho kutoka kushoto kwenda kulia, macho yao yakiwa kwenye sanamu zilizo mbele yao na si kwenye bunduki zilizo ubavuni. Upepo mgongoni ndio mpango wa kitabuni. Kwa bata waliochoka kuwindwa, mimi nauchagua upepo wa ubavuni kila ninapoweza, kwa sababu hiyo ya macho tu.

Kwa hiyo walichohamisha ni mkono wa mashariki peke yake. Waling'oa sanamu zote za upande huo na kuzipeleka magharibi, upande wa goshini ambako upepo ulitoka, wakazipanga kwa vifungu vya familia, hatua tatu nne kati ya sanamu na sanamu. Chache walizisambaza nyuma na katikati ya vificho kuvunja lile tuta. Umbo lililobaki lilikuwa kama L pana: sanamu nyingi magharibi, mstari hafifu kaskazini ambamo vificho vilifichwa, na upande wa mashariki na kusini wazi kabisa. Ukingo wa mbali wa uwanja wa kutua waliupima kwa hatua usizidi mita 30 kutoka kwenye bunduki.

Walinzi wengi waliondolewa na kufungiwa mfukoni. Sakitu ikafutwa. Mabua ya pale pale yakakatwa na kuongezwa juu ya vificho, na udongo ukasukumwa kwenye kingo ili kivuli kisiwe na mstari mkali. Mzee akarudia jambo la usalama kwa kila mmoja: bata sasa wangekatiza kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo kila mtu apewe pembe yake na asiifuatishe bunduki kupita kichwa cha jirani. Ukigeuza mpango wa sanamu umegeuza na mpango wa risasi, na hili husahauliwa haraka watu wakiwa na hamu.

Yaliyofuata

Kundi lililokuja baada ya hapo lilikuwa dogo, bata saba. Walikuja kwenye mstari uleule wa mashariki. Bendera ilitikiswa mara moja tu wakiwa mbali, kisha ikalazwa. Hawakuzunguka. Walipofika pale ambapo wenzao waligeukia, waliendelea kushuka, miguu ikateremka, na mzee alipotoa amri walikuwa kama mita 25. Watatu walianguka, wote watatu waliokotwa na mbwa mbele ya macho yangu.

Kundi jingine likafuata likaingia vivyo hivyo. La tatu, kubwa zaidi, liligutuka lilipokuwa karibu kabisa, na nilikuwa nimeelekeza darubini kwenye vificho: yule yule aliyeinua uso mwanzoni aliuinua tena. Kisha likatokea kundi kubwa mno, mamia, na mzee akaamuru kila mtu atulie na asifyatue. Ukifyatulia kundi zima la bwawa, umewafundisha wote kwa siku moja na shamba limekwisha. Makundi madogo yanapokuja moja moja, wanaojifunza ni wachache.

Mtu makini atauliza nawezaje kulaumu mkono wa mashariki wakati walibadilisha mambo manne au matano kwa mpigo. Ni swali la haki. Jibu langu liko kwenye tabia ya bata kabla ya mabadiliko. Kama kosa kuu lingekuwa sakitu au shingo za walinzi, wale wawili wasingetua kando ya sanamu hizo hizo, zikiwa nyeupe na zimenyoosha shingo, na kula bila wasiwasi. Kama lingekuwa vificho, makundi yangegeuka yakiwa juu ya vificho tangu mara ya kwanza, tena kwa mshtuko na mlio mkali. Yaligeuka kwa utulivu, mbali na vificho, kwenye mstari mmoja. Mahali bata anapogeukia na namna anavyogeuka ni vitu viwili tofauti vya kusoma: akigeuka taratibu kabla ya sanamu, tazama umbo la uwanja wako, akipanda ghafla kwa mlio, tazama kilicho chini yake wakati huo. Hayo mengine, shingo, nafasi na sakitu, nayapa uzito wa pili. Yangeanza kuwagharimu wawindaji pale bata walipokuwa wanazunguka, na mlango ulipofunguliwa hawakuzunguka.

Ubora wa sanamu nauweka nyuma ya hayo yote. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock huko Nevada, zilipatikana sanamu za bata zilizosukwa kwa matete, nyingine zikiwa zimechomekwa manyoya, na umri wake ni kama miaka 2,000. Waliozisuka walikuwa wanawajua ndege wao kiasi cha kupata mwili na rangi. Hata bata hai waliofungwa kamba, waliotumiwa kwa muda mrefu mpaka Marekani ilipowapiga marufuku mwaka 1935, wangepangwa asubuhi ile kwenye mkono wa mashariki wangeuziba uwanja vile vile.

Mpango ule wa L una mpaka wake. Unategemea upepo wenye nguvu ya kutosha kumpa bata mwelekeo mmoja. Upepo ukifa kabisa, bata huja kutoka kokote na kutua wakitazama popote, na hapo umbo lenye mlango mmoja linageuka kuwa ukuta kwa nusu ya makundi. Siku kama hiyo mimi ningevunja L, ningesambaza vifungu vidogo vya familia vyenye nafasi pana kati yake, ningewatenganisha wawindaji wawili wawili, na ningefunga uzi mwepesi kwenye kijiti cha sanamu iliyo karibu na mguu wangu ili nione upepo unapoamka na unakotokea, kabla kundi halijafika.